Vijiti Kumi Katika Ngano

Kila asubuhi, kabla ya jambo lingine lolote, Bi Daftari alishika wembe na kalamu akaenda shambani. Jina hilo alibandikwa na kaka yake, kwa sababu tangu ngano irefuke, binti huyo wa darasa la sita alitembea na daftari kwapani kama karani.

Mama yao alikuwa amechomeka vijiti kumi shambani, kutoka njiani hadi mtaroni. Kazi ya binti ilikuwa kung'oa mche mmoja kwenye kila kijiti, kupasua shina na kutazama kama limefanya kifundo cha kwanza, karibu na mizizi. Mifuko ya mbolea ya kukuzia ilikuwa miwili tu. Ikiwekwa mapema mno, ngano ingejaa majani na kulala chini. Ikichelewa, masuke yangetoka mafupi. Kifundo ndicho kingemwambia Mama siku ya kuiweka.

Siku tatu za kwanza Bi Daftari alizunguka vijiti vyote. Jumatatu umande ulimlowesha sketi hadi mapajani, akageuza kabla ya kijiti cha pili, na darasani wenzake wakamuuliza kama amekuja kwa kuogelea. Tangu siku hiyo akawa anang'oa miche yote kumi kandokando ya njia, pale ambapo watu na ng'ombe walikanyaga na ngano ikadumaa. Anapasua, haoni kitu, anaandika: "Bado." Wiki nzima, bado.

Jumamosi mchana mawingu yakaanza kujikusanya. Mama alitoka jikoni akatazama juu, akasema mvua hiyo ingefaa sana kuyeyusha mbolea, ila daftari linasema bado, basi watasubiri nyingine. Kaka akacheka, akasema siku hizi nyumba ina bosi mpya.

Bi Daftari hakucheka. Alichukua wembe akaenda moja kwa moja hadi kijiti cha sita, katikati ya shamba. Akang'oa mche, akapasua. Kifundo kilikuwepo, kigumu kama ushanga. Kijiti cha saba, kifundo. Cha kumi, mtaroni, vifundo viwili.

Alirudi polepole na miche mitatu mkononi.

"Mama, sikuwa nikifika kwenye vijiti. Nilikuwa naishia njiani."

Mama aliipokea miche, akaigeuzageuza. Hakupandisha sauti.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Niliogopa umande."

Mama alitazama mawingu, kisha akamtuma akamwite kaka yake aje na ndoo. Wote watatu waliingia shambani wakiwa wamejipanga sambamba, wakirusha mbolea konzi kwa konzi, hatua kwa hatua. Kaka alianza kutania, akauona uso wa mdogo wake, akaacha. Walipomwaga ndoo ya mwisho, matone ya kwanza yakawapiga mgongoni.

Barazani, nguo zikiwadondoka maji, Mama alifungua daftari na kumpa binti kalamu. Alimwambia asifute kitu, ila pembeni ya kila "Bado" ya wiki ile aandike: "Sikufika." Binti akaandika mara sita.

"Kule mtaroni tumechelewa kidogo, tutavuna pungufu," Mama alisema. "Kwingine tumewahi, kwa kuwa umesema leo, hukungoja kesho. Ngano haikutudanganya, mwanangu. Kila siku ilionyesha ilipofika. Mimi siwezi kuwa kila mahali, naona kwa macho yako. Ungeniandikia 'sikufika', ningekwenda mwenyewe. Ile 'bado' ya uongo ndiyo iliyonikalisha nyumbani."

Bi Daftari aliitikia kwa kichwa. Kaka aliingia ndani, akatoka na mabuti yake ya mpira, akayaweka miguuni pa mdogo wake.

"Yatakupwaya," alisema. "Lakini umande hautakufika tena, bosi."