Kadi ya Kumi na Moja

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo linaloniuma, maana ukiniuliza hata leo ni kitu gani kilinishtua nitakwambia hakuna. Nilikuwa nafua. Mume wangu alikuwa mezani na kompyuta yake ya kazini, binti yetu kamkalia mapajani anagonga meza kwa kijiko. Huyo binti tunamwita Kibiriti, kwa sababu ni mdogo na anawaka upesi, ukimcheleweshea maji analala sakafuni anapiga miguu mpaka jirani wa juu anauliza kuna nini. Alikuwa na maneno mawili tu wakati huo. Mama, na maji.

Mume wangu ni fundi wa mitambo kwenye kampuni inayosambaza intaneti. Kuna mashine moja kubwa huko kazini, ndani yake zimechomekwa kadi za mtandao, zile za kasi sana, kila moja inabeba mawasiliano ya mtaa mzima. Mimi nimeishia sekondari, nitakueleza nilivyoelezwa. Kati ya mashine na kadi kuna programu ndogo wanayoiita dreva, na hiyo dreva ni kama karani wa mapokezi mwenye viti vyake. Viti vikiwa vinane, mgeni wa tisa hata akisimama mbele ya karani haonekani. Hicho ndicho kikomo. Sasa zilikuwa zimechomekwa kadi mbili mpya, zikawa kumi, na dreva bado inaona nane. Kazi ya mume wangu siku hiyo ilikuwa kupandisha kikomo tu, na anaweza kuifanya akiwa nyumbani na mtoto mapajani.

Mkubwa wake wa kazi ni mama mmoja mtu mzima, wote wanamwita Bi Nyaya. Ana mdomo huyo. Akipiga simu ananiita mke mwenza, ati kwa sababu yeye ndiye anayeshinda na mume wetu. Lakini ana utaratibu wake ambao hautanii: ukigusa kikomo, lazima kadi ziitwe. Mmoja anakaa kwenye skrini anataja namba, mwingine anasimama kwenye mashine, anaweka kidole juu ya kadi yenyewe, ndipo anajibu, ipo. Bila kidole hakuna kujibu. Na kikomo kinawekwa sawa na kadi, hakizidi hata moja. Mafundi wenzake wanamcheka, wanasema anaita kadi kama mwalimu wa zamu.

Siku hiyo Bi Nyaya alikuwa njiani anaelekea kazini. Mume wangu hakumsubiri.

"Naweka kumi na sita," akasema. "Wakiongeza nyingine siku za mbele nisisumbuliwe."

"Si alisema ziwe kumi?"

"Bi Nyaya anahesabu hadi vijiko vya chai. Haya, nisaidie kuita basi, tumfurahishe. Ya kwanza."

"Ipo," nikajibu huku nakamua shuka.

"Ya pili."

"Ipo."

Tukaenda hivyo, yeye anataja, mimi najibu, mikono yangu imejaa povu, kidole changu hakijagusa chochote zaidi ya shuka la mtoto. Tukafika ya kumi. Ipo. Akainua mkono afunge kompyuta.

"Ipo," akasema Kibiriti.

Wazi kabisa, kama mtu mzima. Tulicheka mpaka nikakaa chini kwenye maji. Mume wangu akambusu kichwani, akasema huyu ataniondoa kazini. Na mimi nikiwa bado nacheka nikaona kwamba Kibiriti hatuangalii sisi. Alikuwa ameelekeza uso kwenye kiti cha pili pale mezani, kitupu, na kijiko chake alikuwa amekinyoosha, kama anampa mtu.

Sijamaliza kuanika, simu ikalia. Bi Nyaya. Hakuniita mke mwenza.

"Mpe simu mumeo."

Mume wangu akaweka sauti ya nje.

"Kwenye skrini naona kadi kumi na moja," Bi Nyaya akasema.

"Imesoma vibaya hiyo, nitairekebisha."

"Nimeweka kidole, mwanangu. Kadi ni kumi. Hii ya kumi na moja nimefuata namba yake, nimegusa tundu tupu. Lina joto."

"Inatuma nini?"

"Haitumi kitu. Inapokea tu."

Mume wangu alinitazama akacheka, lakini cheko lake lilikuwa fupi. Akasema ataifuatilia. Akafuatilia siku nzima, na kesho yake, na mimi huku nyumbani nikaanza kuona mambo. Kibiriti akipewa biskuti anaivunja, nusu anakula, nusu anaiweka pembeni yake mkekani. Mtoto ambaye hajawahi kumgawia hata baba yake. Akilala mchana anajisogeza mpaka ukutani, nusu ya godoro anaiacha. Nikamvuta katikati, nikageuka kuchukua khanga, nikarudi nikamkuta ukutani tena. Ile nusu nyingine nikaigusa. Ilikuwa na joto.

Siku moja mchana mume wangu akanasa kile kinachoingia kwenye ile kadi, akakigeuza kuwa sauti, akavaa vipokea sauti masikioni. Nikamwona anabadilika rangi. Nikamwambia nipe. Akakataa. Nikavivua mwenyewe masikioni mwake. Nilisikia maji yanamwagwa kwenye beseni, nguo inakamuliwa, na mwanamke anaimba wimbo wa kumbembeleza mtoto, anakosea maneno palepale ninapokosea mimi. Nyuma ya wimbo kuna pumzi. Ndogo. Karibu sana na mdomo wangu.

"Shusha," nikamwambia. "Shusha hicho kikomo chako sasa hivi."

Akampigia Bi Nyaya, naye tayari alikuwa amesimama mbele ya mashine. Alizungumza kwa kunong'ona, sijui alikuwa anamficha nani.

"Ukishusha lazima tuizime tuiwashe. Ikiwaka, dreva inatoa viti upya. Anayewahi kujibu ndiye anayekaa, hujalisahau hilo?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo viti vitakuwa kumi, na wanaogombea ni kumi na moja. Sijui atakayekatwa ni yupi."

Mume wangu akasema hakuna namna. Mimi pia nilisema hakuna namna, siwezi kusema sikusema. Nikampakata Kibiriti, nikambana. Mashine ikazimwa. Ikawashwa. Safari hii wakaita sawasawa, yeye kwenye skrini hapo mezani, Bi Nyaya na kidole chake kule.

"Ya nane."

"Ipo."

"Ya tisa."

"Ipo."

"Ya kumi."

Mume wangu akaisogeza simu karibu.

"Ya kumi, Bi Nyaya."

"Nimeweka kidole," akasema. "Ni ya baridi. Taa haiwaki."

"Skrini inasema ipo. Zote kumi zipo."

"Basi aliyekaa si huyu."

Nikahisi Kibiriti amelegea mikononi mwangu. Hakulia. Aligeuza shingo taratibu, akanitazama, akasema, "Naomba maji, mama."

Mtoto wa maneno mawili.

Nilimpa maji. Alikunywa yote, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili. Na tangu hapo mtoto akawa mtulivu, jamani, mtulivu mno. Hawaki. Halali sakafuni. Biskuti anaila yote. Jirani wa juu akashuka kunipongeza, akasema mtoto ameshika adabu, umempa nini, na mimi nikatabasamu, nikasema amekua tu. Jirani akampa mkono. Alipoondoka niliona anaufuta kwenye gauni, anaufuta, anaufuta.

Mume wangu aliniambia nina uchovu. Akaenda kazini. Ilikuwa mchana, jua kali, redio ya jirani inaimba, na simu ikalia.

"Mwanangu," Bi Nyaya akanong'ona. "Sitasema kitu. Sikiliza tu. Nimesogeza simu kwenye ile kadi iliyozima. Nimeuchomoa waya wake. Haijaungwa na chochote."

Nikasikia feni za mashine. Nikasikia kitu kinagonga. Kijiko. Halafu miguu, inapigwa chini kwa hasira, namna ile, namna ile yake. Halafu sauti, mbali, imekauka.

"Mama. Maji."

Niligeuka. Kibiriti alikuwa amekaa mkekani, mikono juu ya magoti, ananiangalia. Alikuwa anatabasamu, mdomo umefungwa.

Sikupiga kelele. Nilitoka nje mpaka ngazini, nikampigia mume wangu, nikamwambia pandisha. Akauliza ngapi. Kumi na moja, nikasema, isizidi hata moja, ukizidisha mimi na wewe basi.

"Na huyu aliyemo?"

"Abaki."

"Mama Kibiriti."

"Nimesema abaki. Nitawalea wote. Namtaka mwanangu."

Nadhani alikuwa analia. Nikarudi ndani, nikakaa mkekani mbele ya yule mtoto, simu nimeiweka chini. Nilikuwa naogopa kumgusa. Nikamsikia Bi Nyaya anaurudisha waya wa ile kadi. Mashine ikazimwa. Ikawashwa. Mume wangu akaanza kuita, na Bi Nyaya akajibu mpaka ya tisa. Ya kumi ikachelewa. Halafu nikasikia pumzi ya Bi Nyaya inashuka.

"Ipo. Taa imewaka. Ina joto."

"Ya kumi na moja."

Bi Nyaya hakujibu. Hakuwa na cha kuwekea kidole. Nami nikaelewa. Utaratibu ni wake lakini siku ile ya kwanza nilijibu mimi, povu mikononi. Nikanyoosha kidole. Nikakiweka juu ya utosi wa mtoto. Ulikuwa unatetemeka, ule mtetemo mwembamba wa friji.

"Ipo," nikasema.

Kibiriti alifumba macho. Alipofumbua alinitazama kama ndiyo kwanza ananiona, mdomo ukapinda, akakishika kikombe akakirusha ukutani, akalala chini akapiga miguu. Maji. Maji. Maji. Nilimbeba nikalia naye. Jirani wa juu akagonga dari, na sijawahi kufurahia kugongewa dari kama siku hiyo.

Kwa hiyo sasa tunaishi hivi. Naandaa vikombe viwili. Biskuti naivunja mwenyewe kabla hajaivunja. Godoro nimeongeza, na nikilala mchana nalala ukingoni, nageukia mlango, sigeukii katikati. Hakuna mabaya yaliyotokea. Huyo mwingine hagusi mtu. Ila nikiimba nikakosea maneno, kuna anayenirekebisha.

Nisingeandika haya, ningekaa nayo hivyohivyo, ila jana mume wangu karudi kutoka kazini, akala amesimama. Baadaye akaniambia mashine ile imechoka, wakubwa wameamua kuibadilisha, wala yeye na Bi Nyaya hawakuulizwa. Mpya tayari imeshafungwa pembeni ya ile ya zamani, wanaijaribu.

"Kikomo chake ni ngapi?" nikamuuliza.

Alivua viatu kwanza. Akavipanga vizuri mlangoni.

"Hii haina," akasema.

Leo asubuhi nimekung'uta mkeka. Kibiriti alikuwa bado amelala, na pakiti ya biskuti nilikuwa nimeifungia kabatini mwenyewe. Kuzunguka ukingo wote wa mkeka kulikuwa na vipande vya biskuti, nusu nusu, vimepangwa kwa nafasi sawa kama vimewekewa wageni. Kila kimoja kimeng'atwa kidogo. Meno hayafanani.

Sikuvihesabu. Nilianza, nikafika cha tatu, na nyuma yangu, chumbani, nikasikia wanaanza kuitika.