Jeep Iliyoniita Koko

Asubuhi ile nilikuwa nachagua maharagi kwenye simenti ya uwanja wetu, pale Nguba, muji wa Bukavu. Jua lilikuwa limetoka vizuri, watoto wa jirani wanaenda masomo na makelele yao. Nikanyoosha mukono kuokota haragi lililokimbia. Haikuwa haragi. Ilikuwa tone la grese, jeusi, zito, na mbele yake tone lingine, na lingine, paka kwenye gurudumu la mbele la kushoto la jeep ya Floribert.

"Floribert," nikamuita, "gari yako inatoka kamasi."

Zamani angecheka. Alikuwa mutu wa kucheka, njo maana nilikubali amuoe mujukuu wangu. Sasa alikuwa amekaa kwenye ngazi na kikombe cha chai, chai imepoa, anaangalia ukuta. Tangu tumuzike muke wake, Mapendo, alikuwa hivyo. Unamupa chakula, anakula. Unamwambia alale, analala. Kulia, hakulia. Na mimi sikumulaumu, sababu machozi yangu pia yalikuwa yamekwenda fasi nisiyoijua. Tangu matanga yaishe nilikuwa nachagua maharagi yaliyokwisha kuchaguliwa.

Mapendo nilimulea mimi. Watu wote wananiita Maman Eulalie, hata padri. Yeye peke yake aliniita Koko, ni kusema bibi. Na hakuita mara moja. Toka mulangoni: "Ko-ko! Ko-ko!" sawa kuku anayetafuta fasi ya kutagia. Usipojibu, hanyamazi.

Alienda Sange kusalimia shangazi yake, homa ikamukutia kule, akafa. Floribert akaenda kumuchukua na jeep, yeye peke yake, akamuleta Katana, kwetu, pale baba zake wamelala. Sisi tulikuwa tunangoja na kaburi wazi. Tulipomuona Floribert ameshuka, tukapokea mwili, tukaimba, tukazika. Hakuna mutu aliyemuuliza namna walivyosafiri.

"Simama," nikamwambia asubuhi ile. "Twende kwa fundi."

Akasimama.

Barabara ilipokuwa imenyooka, jeep ilinyamaza. Alipozungusha usukani kwenye kona ya kwanza, gurudumu lile likasema kitu. Ko-ko. Kona ingine. Ko-ko. Ko-ko.

Nikashika rozari yangu. Floribert hakugeuza kichwa.

"Inasema hivyo tangu lini?"

"Tangu Ngomo, Maman."

Ngomo ni ule mulima wa kona juu ya kona, chini yake shimo tu. Ukitoka Sange kuja Bukavu, utaupita, upende usipende.

Garaji ya Amisi iko mutaa wa Essence. Amisi ni mutu wa Uvira, muislamu, muzuri, lakini kinywa chake hakina mulango.

"Karibu, Bibi! Na weye Floribert, jeep iyi unaiendesha ao unaiburuta? Nilisikia makelele toka barabarani, nikasema kuna mutu analeta mbuzi wa Idi!"

Floribert akamupa ufunguo, akaegemea ukuta. Amisi akamuangalia, akapunguza sauti. Akaleta kriki, akanyanyua gari, akatoa gurudumu, kisha akaniita nione, anajua napenda kujua.

"Angalia, Bibi. Chuma iyi inayozungusha gurudumu ni kardani. Hapa iko na kiungo, sawa goti. Goti linaishi ndani ya grese, na grese inafungiwa na mupira huu wa makunyanzi, sufle. Inajikunja, inajikunjua, sawa koo la chura. Ikipasuka, grese inatoka, muchanga unaingia, goti linaanza kulia."

"Linalia ko-ko?"

"Njo vile linaliaka!"

Roho yangu ikatulia. Basi ni chuma.

Amisi akapangusa grese kwenye sufle. Akaacha kucheka.

"Floribert. Nani alifunga kitambaa hapa?"

Nilikijua kabla hajamaliza kukipangusa. Ndege wadogo wa njano. Kitenge nilichomununulia Mapendo siku ya ndoa yake. Kitenge tulichomuzika nacho.

"Jiwe lilikata sufle pale Ngomo," Floribert akasema. Sauti yake ilikuwa sawa ya mutu anayesoma maneno ya mutu mwingine. "Sikuwa na waya. Nikakata kipande."

"Kwa nani?"

"Kwake. Alikuwa nyuma."

Amisi akanong'ona maneno ya dini yake. Akakifungua kile kipande, akakikunja, akaniwekea mukononi. Nikakitia ndani ya blauzi yangu, upande wa moyo.

Sasa niwaambie kitu ambacho kwetu kila mutu anakijua, na vijana wa muji wanakisahau. Maiti akisafiri, anaambiwa njia. Anayeendesha anasema naye sawa anavyosema na mutu muzima: sasa tunavuka mutoni, sasa tunapita soko, tunakaribia nyumbani. Mama yangu marehemu alikuwa anasema: "Mufu eko na sikio moja tu. Neno unalomupa njiani, njo neno analoshika. Ukimuacha njiani, atamuvuta aliyemuacha, kidogo kidogo, paka amufuate."

"Floribert," nikauliza, "njiani ulimwambia nini?"

"Hakuna kitu. Kinywa hakikufunguka."

"Hata neno moja?"

Akafikiri. Niliona anafikiri kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Pale Ngomo. Niliposhuka kuangalia gurudumu. Nilimwambia, 'Ngojea hapa.'"

Amisi akarudi kwenye gari. Alitoa kardani, akaosha kiungo na mafuta ya esanse, akavalisha sufle mupya, akajaza grese mupya, akakaza kolye, zile pete za chuma za kuibana, huku na huku. Kazi safi. Mimi nilikuwa naangalia Floribert pale ukutani. Mashavu yameingia ndani. Mukaba umefika tundu la mwisho. Sikuwa nimeona. Tulikuwa tunakaa nyumba moja, na mutoto yule alikuwa anatoka tone kwa tone, sawa ile grese, na mimi nachagua maharagi.

Tukapanda. Kwenye mulango wa garaji akazungusha usukani.

Ko-ko.

Amisi akatukimbilia. "Haiwezekani! Kiungo kile kizima, nilikiangalia!" Akanyanyua jeep tena. Akafungua kolye. Akavuta sufle nyuma.

Ndani, katikati ya grese mupya, kulikuwa na kitambaa. Ndege wa njano. Kimefungwa fundo lile lile.

Nikatia mukono ndani ya blauzi.

Hakuna kitu.

Amisi akapangusa mikono. Akaipangusa tena. "Bibi," akanong'ona, "iyi haiko kazi ya ufunguo wa fundi."

Akafunga sufle na kitambaa kikiwa ndani, maana hakuna aliyetaka kukitoa. Tukashika njia ya Ngomo mchana ule ule, Floribert na mimi.

Ukungu ulitupokea mulimani. Kila kona, ko-ko. Tukipanda, sauti inakaribia. Mara iko chini ya miguu yangu. Mara iko nyuma ya kiti. Ko-ko. Ko-ko. Nikauma kanga yangu nisijibu, sababu miaka yote nilimujibu.

Kisha, kwenye kona moja, usukani umekatwa paka mwisho, kukawa kimya.

Floribert akasimamisha gari. "Ni hapa."

Tukashuka. Mvua ilikuwa imenyesha juma nzima. Lakini pembeni ya barabara kulikuwa na matone ya grese, bado mabichi, yanang'aa. Na majani yalikuwa yamelala chini, sawa fasi mutu aliyokaa muda murefu.

"Mwambie," nikasema.

"Sijui kusema, Maman."

"Weye njo ulimwambia angoje. Mimi hatanisikia."

Akafungua mulango wa nyuma. Akasimama. Ukungu ukapita katikati yetu. Midomo yake ikacheza bila sauti. Kisha sauti ikatoka, ndogo, ya kukwaruza.

"Mapendo. Umengoja sana. Panda."

Hakuna kitu.

Ndege hakuna. Upepo hakuna.

Jeep ikashuka nyuma. Polepole. Upande mumoja kwanza, kisha wa pili, sawa inavyoshuka mutu mwenye muzigo akipanda.

Floribert akafunga mulango kwa mikono miwili, taratibu, sawa vile alikuwa anamufungiaga akiwa muzima.

Na akaanza kusema. "Tunateremuka, Mapendo. Hii ni Nya-Ngezi. Sasa tunaingia Bukavu. Hii ni Essence, Amisi anakusalimia, bado eko na makelele." Alisema njia yote. Tulipofika Mudaka, sauti ikavunjika, machozi yakaanza kumutoka, akayaacha. Miti. Kavumu. "Sasa tuko Katana. Ule ni musalaba wa misioni. Tumefika." Mimi nilikuwa natazama mbele. Sikugeuka. Nyuma ya shingo yangu kulikuwa na baridi, sawa mutu anapumua akiwa amenyamaza, anasikiliza.

Alipofungua mulango pale makaburini, jeep ikanyanyuka.

Tukafukua udongo kidogo kwa mikono. Floribert akaingia chini ya gari na kisu, akapasua ile sufle mupya, akatoa kitambaa. Tukamurudishia kitenge chake. Hapo Floribert akaanguka kifudifudi, akalia sawa ng'ombe, na mimi nikamushukuru Mungu, sababu mutu anayelia vile eko pamoja na sisi wazima bado.

Nikapigapiga udongo na kiganja, sawa nilivyokuwa namupigapiga mugongo akiwa mudogo. Nikamwambia, "Lala vizuri, mama. Niko nakuya."

Ni vile tunasema, sawa kusema naja sasa hivi. Unamuacha muuza soko, niko nakuya. Unaacha sufuria kwenye moto, niko nakuya. Ni neno la kutokea mulangoni tu.

Nilikuwa nimekwisha kukaa kwenye kiti cha jeep wakati sauti ya mama yangu iliponirudilia. Mufu eko na sikio moja.

Amisi alivalisha sufle ingine. Sasa jeep inakata kona zote bila neno. Floribert anakula, anatukana mashimo ya barabara, juma lililopita alicheka paka akakohoa. Juzi amepeleka watu Uvira, hajarudi.

Mimi niko muzima. Ila nikisimama kutoka kwenye mukeka na kugeuka, goti langu la kushoto linasema. Ko-ko. Halinitesi. Munganga alichoma sindano hapo, sikusikia kitu, akasema ni uzee. Linasema nikienda misa, linasema nikienda jikoni. Nikijibu, "Nimesikia, Mapendo," linanyamaza kidogo. Nisipojibu, halinyamazi.

Leo asubuhi nimesugua simenti ya uwanja na omo, nikaimwagia maji, ikakauka, nikatandaza maharagi yangu. Haragi moja likakimbia. Nikanyoosha mukono kuliokota.

Haikuwa haragi. Lilikuwa tone, na pembeni yake tone lingine, na lingine, meusi, mazito, toka kwenye mukeka wangu, kupita mulangoni, paka kwenye kitanda ninapolala.