Mwanamke wa Spika ya Kushoto

Foleni ya sukari pale Temeke ilikuwa imevuka kona, na nusu yake haikuwa ya watu. Yalikuwepo makopo, vikapu, tofali, hata ndala moja iliyokatika, kila kimoja kikimshikia mtu nafasi. Marselino, fundi redio wa Chang'ombe, alikuwa ameacha transfoma. Aliporudi kutoka kunywa maji alimkuta dada mmoja amesimama mbele yake, mikono kiunoni, anaitazama.

Gauni lake la maua ya njano lilivuka magoti kama serikali ilivyotaka, ila kiunoni lilikuwa limebanwa kwa namna ambayo serikali haikuwa imeisemea kitu. Miguuni alivaa raizoni nyeusi za soli nene zilizompandisha mpaka usawa wa macho ya Marselino.

"Hiki chuma cha nani?"

"Changu, dada."

"Na chenyewe kinakunywa chai?"

Watu waliangua kicheko. Marselino alitazama suruali yake ya bugaluu, pana miguuni, kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa kwenye pindo.

"Hakinywi. Kinanishikia nafasi tu."

"Wenzako wameweka makopo. Hiki nusura kinivunje kidole."

"Pole sana, dada. Ni transfoma ya redio kubwa za zamani."

Yule dada aliinama. "Zile zenye taa ndani? Zinazowaka kama makaa?"

Moyo wa Marselino uliruka. Ilikuwa mwaka sabini na nne, na wateja wote walileta redio ndogo za transista. Hakuna aliyekumbuka tena valvu, zile chupa za kioo zinazopata moto kwanza ndipo sauti itoke.

"Umezijuaje?"

"Baba anayo nyumbani. Upande mmoja umekufa. Mafundi watatu wameshaikimbia."

"Mie sikimbii."

"Utakimbia tu. Hujamwona baba."

Walipofika dirishani kuchukua sukari, Marselino alikuwa ameshajua kwamba dada huyo anaitwa Kokushubila, Koku kwa kifupi, na ni opereta wa simu katika kiwanda kimoja hapohapo Chang'ombe. Baba yake, Mzee Theonest, alikuwa mpishi wa meneja wa Kigiriki kwenye shamba la mkonge huko Tanga. Mashamba yalipotaifishwa, Mgiriki alifunga mizigo, na kwa shukrani akamwachia mpishi wake mashine nzima: amplifaya, sahani ya kuchezea santuri na spika mbili ndefu.

Jumapili iliyofuata Marselino alibisha hodi na mfuko wa vyombo begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa nne?"

Alipoifungua amplifaya alikuta mende wamehamia humo kaya kwa kaya, kijiji cha ujamaa kamili. Mzee Theonest hakujali mende. Aliweka santuri, na kutoka spika ya kulia yakatoka magitaa matupu.

"Humo kuna mwanamke anaimba," mzee alisema. "Yuko spika ya kushoto. Marehemu mke wangu alikuwa akija jikoni kwa Mgiriki kumsikiliza, mpaka nyama inaungua. Miaka saba sasa sijamsikia."

"Baba, hakuna mwanamke," Koku alisema kutoka mlangoni. "Nimekuja kutoka Bukoba tangu sitini na nane, sijamsikia hata akikohoa."

Marselino alifuta mikono. "Mzee anasema kweli. Santuri za mwanzo za sauti mbili ndivyo zilivyokuwa, mwimbaji upande huu, vyombo upande ule. Valvu kubwa ya kushoto imekufa. Nikihamisha ile ya kulia, utamsikia sasa hivi."

"Peke yake, bila magitaa?"

"Peke yake, mzee."

"Hapana. Atakuwa kama mtu anayejisemea njiani. Nitangoja waimbe pamoja."

Marselino akampenda mzee hapohapo. Na binti yake, Marselino alikuwa ameshampenda tangu kwenye foleni ya sukari.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Kila Jumapili alifukuza mende, akabadilisha kapasita zilizokauka, akachomea upya waya zilizooza, na kila Jumapili alipewa sahani ya ndizi kwa maharage, na Koku akikaa karibu kumshikia tochi. Mara nyingi tochi ilimulika uso wa fundi badala ya kazi, na fundi hakulalamika. Katikati ya wiki aliazima simu ya duka la jirani.

"Haloo, kiwandani."

"Naomba kuunganishwa na dada mwenye gauni la njano."

"Laini yake ina mtu."

"Nani huyo?"

"Fundi mmoja anayepiga simu saa za kazi. Kata bwana, meneja anakuja."

Lakini mwenyewe hakukata.

Kilichobaki kilikuwa valvu yenyewe, na valvu ilikuwa haipatikani mjini. Maduka yaliyokuwa yakiuza yalishafungwa au yalishasahau. Fundi Sadallah, mwenye karakana, alituma maneno kwa kila fundi aliyemjua. Huyu ndiye aliyempokea Marselino kutoka Newala akiwa na shati moja, akamfundisha kazi bure na kumlisha kama mwanawe. Naye Sadallah hakuwahi kuiita valvu kitu. Kwake valvu ilikuwa mtu. "Huyu amechoka. Huyu mzima. Mtafutie mwenzake." Mbele ya wateja tu ndipo alipokataza lugha hiyo, kwa sababu mama mmoja aliwahi kusikia "huyu amekufa, mtoeni nje," akapiga yowe mtaa mzima ukajaa.

Jumatatu moja Koku alikuja karakanani na barua.

"Wananihamishia Mwanza, tawi jipya. Nijibu kwa maandishi, mwisho Ijumaa saa sita." Akamtazama. "Nijibu nini, Marselino?"

Jibu alikuwa nalo. Ila alikuwa amejiapiza kwamba hatamwomba Mzee Theonest binti yake huku mashine ya mzee ikiwa nusu maiti. Angesimama mbele yake kama nani, fundi wa kazi nusu?

"Ningoje kidogo. Nikimaliza mashine ya mzee nitakuja na neno."

"Neno gani?"

"Neno tu."

"Neno lenyewe halina miguu? Haliwezi kutangulia?"

Marselino alicheka kijinga. Koku aliikunja barua taratibu. "Haya. Mpaka Ijumaa."

Jumatano jioni dereva mmoja wa lori alileta habari kwamba padri Mholanzi, kwenye misheni nje ya Morogoro, ana sanduku la valvu za redio yao ya zamani. Alhamisi alfajiri Marselino alipanda basi. Padri alifungua sanduku, na humo, katika pamba, ilikuwamo valvu ileile, haijawahi kuwashwa. Padri alimwambia aichukue, na alipotaka kulipa, mzungu akamwonesha mlango huku anacheka. Marselino alishukuru kwa Kiswahili, kwa Kimakonde na kwa kuinamisha kichwa, kisha akakimbilia posta kupiga simu Dar. Furaha ilikuwa imemjaa hata akasahau kwamba hazungumzi na fundi mwenzake.

Koku alikuwa amekwenda kula. Aliyepokea ni Yuliana, mwenzake.

"Mwambie Koku nimempata!" Marselino alipiga kelele, maana waya ulikuwa unakwaruza. "Miezi mitatu namtafuta! Padri amekubali nimchukue. Bado mpya kabisa, hajaguswa na mtu. Kesho naja naye, nampeleka moja kwa moja kwa mzee!"

"Umempata nani?" Yuliana aliuliza.

Dakika zilikuwa zimekwisha. Marselino aliweka simu chini akitabasamu peke yake kama mtu aliyetoka kufunga bao.

Yaliyotokea upande wa pili wa waya aliyajua baadaye. Yuliana, msichana mwaminifu, aliandika kila neno kwenye karatasi. Koku aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Mzee atakuwa Fundi Sadallah, aliyemlea. Neno lililokuwa linangojwa kumbe ndilo hili. Hakulia kazini. Ijumaa saa tatu asubuhi aliingia kwa meneja na kutia sahihi kwamba anakwenda Mwanza.

Siku hiyohiyo, saa kumi alasiri, Marselino alifika Temeke amekumbatia kifurushi kwa mikono miwili. Koku alikuwa amejifunga khanga, anapepeta mchele uani.

"Karibu," alisema, bila jina wala tabasamu.

"Koku, unaumwa?"

"Siumwi. Baba yuko ndani."

Aliingia akiwa amepoa. Alichomeka valvu na kuwasha. Wekundu ulianza kuingia polepole ndani ya kioo, na mzee akaishusha sindano. Yakaja magitaa kulia, yaleyale ya siku zote. Halafu kushoto mwanamke akavuta pumzi, akaimba.

Mzee Theonest alivua kofia. Hakutafuta kitambaa wala hakugeuza uso, alisimama katikati ya sebule machozi yakimshuka. Koku aliingia na ungo mkononi, mchele ukimwagika bila yeye kujua. Sauti ilikuwa nene kidogo, yenye huzuni na uchangamfu kwa pamoja, na ilikuwa humo ndani ya nyumba yao miaka yote hiyo.

"Ndiye," mzee alisema. "Asante, mwanangu. Umenirudishia jiko langu na mke wangu ndani yake. Mungu akupe mke mwema."

"Ameshampa," Koku alisema. "Jana, huko Morogoro."

Marselino aligeuka. "Amempa nani?"

Koku alichomoa karatasi kwenye pindo la khanga, akaisoma kwa sauti ya opereta, neno kwa neno. Marselino aliyasikia maneno yake mwenyewe yakimrudia na masikio yakamwaka. Ilipofika "hajaguswa na mtu," mzee alipunguza sauti ya santuri.

"Koku, si huyu hapa!"

"Huyu nani?"

"Huyu!" Alinyoosha kidole kwenye mashine. "Valvu! Ndiye niliyempata kwa padri. Sie mafundi tunaziita hivyo, kama watu. Na mzee ni huyu baba yako, mzee mwingine nimtoe wapi?"

Koku aliitazama valvu, akaitazama karatasi, akaitazama tena valvu iliyokuwa inawaka bila habari. Kicheko kilimshika tumboni, kikamkalisha sakafuni juu ya mchele. Mzee alicheka. Marselino alicheka kwa ahueni mpaka akaishika meza. Kisha Koku akaikunja ile karatasi.

"Nimeshatia sahihi," alisema. "Naondoka mwezi ujao."

Mwanamke wa santuri aliendelea kuimba kwa sauti ndogo.

"Na nisikudanganye," Koku aliongeza. "Nilitia sahihi kwa hasira, lakini kazi yenyewe naitaka. Nitakuwa opereta mkuu, nina wasichana wanne chini yangu. Sitaki kwenda kuifuta."

Marselino alimfikiria Fundi Sadallah, na benchi lake la kazi pale Chang'ombe, na wateja waliomzoea kwa jina. Vilikuwa vyote alivyokuwa navyo duniani, na alivishukuru kimoja kimoja. Kisha akapiga magoti sakafuni ili awe usawa na Koku.

"Lile neno nililokuambia ulingoje, nilikuwa mjinga kulichelewesha. Nataka kukuoa. Fundi Sadallah atakuja kunisemea kwa mzee kama inavyotakiwa, lakini nataka ulisikie kwanza kwangu."

"Nikiwa Mwanza?"

"Ukiwa Mwanza. Kwani huko hawana redio?"

"Mwanaume mzima uhame kwa ajili ya kazi ya mke?" Koku alimtazama machoni. "Watu watasema umenifuata mie."

"Si watakuwa wamesema kweli?"

Koku aliufunika uso kwa khanga, na alipoufunua ulikuwa umelowa, unacheka.

"Nimekubali," alisema. "Asante, Marselino. Asante kwa mama, na kwa baba, na kwa hili." Akageuka. "Baba, umesikia?"

Mzee Theonest alikuwa bado ameshika kitufe cha amplifaya.

"Nimesikia pande zote mbili," alisema, akaongeza sauti.