Ordinatere ya Honoré, valise ya Emérence

— Emérence, ondoa kwanza kitambaa kwa meza! Na hizi vikombe! Upesi, mikono yangu inakatika!

Honoré alikuwa kwenye mulango wa nyumba yao ya mutaa wa Nguba, Bukavu, amekumbatia kartoni kubwa kama mutu anayebeba mbuzi mugonjwa. Nyuma yake alikuwa Edouard, fundi wa radio ya biro ya kazi yao, nyuzi zimemzunguka shingoni kama shali.

Emérence aliondoa vikombe. Kimoja kilikuwa na chai ya moto, ikamumwagikia kwa mukono. Akautazama ule mukono unavyokuwa mwekundu.

— Maman, umeungua! — akapaaza Edouard.

— Ah. Ndiyo, — akasema Emérence, akaupanguza kwa kitenge.

Ndivyo alivyokuwa tangu mwaka uliopita. Ungemuambia nyumba inawaka, angekuuliza tu ni upande gani. Alipika, alifua, alienda misa, alisalimia majirani. Lakini ndani yake kulikuwa kimya, kama mukono ulioulalia usiku muzima, ukiushika asubuhi unaona ni wa mutu mwingine.

Na chini ya kitanda kulikuwa valise, sanduku lake la nguo, imefungwa tayari. Kesho yake, siku ya Mungu, kisha misa, mudogo wake Grégoire angekuja na kamionete kumuchukua, amupeleke kwa mama yao, kule Katana. Hangerudi tena kwa Honoré bwana yake. Hakukuwa mwanaume mwingine. Hata hasira hakuwa nayo. Aliona tu hakuna kitu cha kubakia. Honoré hakuwa ameambiwa neno.

— Unaiona? — Honoré alikuwa anatoa sanduku la kioo kwenye kartoni, jasho linamutoka. — Ordinatere! Kompyuta yenyewe! Kwa biro walipata mapya, hii ya zamani wakanipatia. Leo tunaifungia hapa nyumbani.

— Kwa kazi gani?

— Ya kuandika. Na ya kutumiana barua. Mimi nikiwa Shabunda, wewe hapa.

— Barua, — akasema Emérence, kama mutu anayesoma neno kwa ukuta.

Ilikuwa ile miaka ya mwisho ya Zaïre, Bukavu imejaa mashirika ya kusaidia wakimbizi, na Honoré alikuwa mutu wa depo ya vyakula kwa shirika moja. Miezi miwili Shabunda, wiki moja nyumbani. Barabara hakuna, ni ndege ndogo tu, nayo inangoja mawingu yapende.

Edouard alifunga nyuzi, akabonyeza, kioo kikaamuka na mwangaza wa kijani.

— Sasa tuchague, — akasema. — Programu ya kuandikia, niko nazo mbili kwa disketi. Moja inaongea Kifaransa lakini iko nzito, inafunguka polepole kama soldat wa bariera. Ingine iko nyepesi, lakini inaongea Kiingereza.

— Tia ile nyepesi, — akasema Honoré.

— Ni nani ataandika? — akauliza Emérence.

— Si wewe? Dactylo ni nani hapa?

— Njo tia ya Kifaransa.

Edouard akacheka. — Papa Honoré, chef wa nyumba amesema!

Ni kweli, kabla ya kuolewa Emérence alikuwa dactylo, mwandishi wa mashine. Alikaa kwa kiti, akaandika mustari moja bila kutazama vidole. Edouard akainama kwa kioo, akashika kichwa.

— Yesu wangu! Hii ni luga gani? Kila A imekuwa Q!

— Mashine yenu imeharibika, — akasema Emérence.

— Wapi! Ilitoka Nairobi, njo maana. Batoni zake zimepangwa kwa namna ya Waingereza. Vidole vyako, Maman, ni vya huku kwetu. Ngoja, nitaibadilisha mawazo kwa ndani. Lakini juu ya batoni, macho yatakuongopea.

Honoré hakungoja. Alileta sparadra ya kufungia vidonda, akakata vipande vidogo vidogo kwa wembe, akaandika herufi kwa kalamu, akabandika kimoja kimoja juu ya batoni. Ulimi ulimutoka kwa pembe ya kinywa, kama mutoto wa shule. Emérence alimutazama. Zamani angecheka. Sasa aliona tu mutu anabandika sparadra.

— Inabaki anwani, — akasema Edouard. — Nieleze vizuri. Telefone hamuna. Njo unaandika hapa, unatia kwa disketi, disketi inakuja kwa biro, na magaribi radio yetu inatuma. Barua zenye zimefika, natia kwa ile ile disketi, inarudia hapa. Kila mutu iko na anwani yake na mot de passe yake, neno la kufungulia. Hata mimi mwenye kutuma sioni ndani. Naona bahasha tu.

— Tia moja, — akasema Honoré. — Jina langu. Yeye atapokelea kwangu, sous couvert.

Hiyo haikuwa ajabu. Kule kwao wachache ndio walikuwa na kisanduku cha posta. Papa yake Honoré, karani wa zamani, alikuwa nacho, na nusu ya watu wa avenue walipata barua chini ya jina lake. Muzee alizifungua yeye mwenyewe, akaita wenyewe kwa baraza, akawasomea kwa sauti. Hakuna aliyekasirika. Ndivyo barua zilivyokuwa zinafika.

— Mimi nataka yangu, — akasema Emérence.

Honoré akainua kichwa. — Yako ya nini?

— Yangu.

— Ni nani atakuandikia?

— Sijui. Pengine hakuna mutu.

— Njo anwani ya nini sasa? Emérence, kuna mutu?

— Hakuna.

— Niambie kama kuna mutu!

— Honoré, hata wewe mwenyewe siko nakusikia. Mutu mwingine nitamutia wapi?

Edouard alikohoa. Hapo hapo umeme ukakatika, kioo kikafa.

— Mimi… nitaenda kuona kama ni avenue nzima, — akasema, akatoka mbio kama mwizi.

Walibaki wawili mbele ya kioo cheusi. Honoré alikuwa bado ameshika kipande cha sparadra kwa ncha ya kidole.

— Hunisikii namna gani? — akauliza polepole.

— Hivyo. Nakuona, lakini kwa moyo siko nasikia kitu.

— Tangu lini?

— Unajua.

— Sema.

— Tangu ile siku ya foni.

Foni ndiyo ile radio ya mashirika na misioni. Station moja ikiongea, zote zinasikiliza. Mwaka uliopita Emérence alizaa kabla ya wakati, kwao Katana. Mutoto wa kike, mudogo kama mukate, wakamubatiza Agathe. Hakumaliza wiki mbili. Emérence alijikokota mwenyewe mpaka kwa chumba cha foni ya misioni, akasimama amejifunga kitenge tumboni, wakaita Shabunda.

— Nilisikia wanakuambia, — akasema. — «Mesaji kwa Honoré wa depo. Mutoto wako amefariki. À vous.» Zamu ikawa yako, nikangoja sauti yako. Unakumbuka ulisema nini?

Honoré akakunjakunja kile kipande cha sparadra.

— Ulisema: «Bien reçu. Pole kwa familia. Terminé.» Umepokea, umemaliza, na pole kwa familia, Honoré! Kama mutoto wa jirani. Na ile mashine ikazima.

— Emérence…

— Siko nakulaumu. Nakuambia tu ni hapo nilibakia.

Honoré alikaa chini, siyo kwa kiti, kwa simiti.

— Uliona upande wako tu, — akasema. — Upande wangu, Placide wa foni ndiye ameshika mikro, ananiwekea kwa kinywa. Nyuma yangu wabebaji wa depo, mulango umejaa. Idjwi wanasikiliza, Uvira wanasikiliza, chef wa Bukavu anasikiliza. Kwa foni mutu halii, wanakufukuza kwa laini. Kinywa kilisema kile kinasemaga kila siku. Kisha nikatoka, nikaingia nyuma ya mifuko ya chumvi. Nilikaa mule mpaka sentinelle, mulinzi wa usiku, akanitafuta na taa. Alizania ni mwizi.

— Hukunielezea.

— Ndege ilikawia kuja. Nilipofika, mama yako akanishika mukono kwa mulango: «Usitaje jina la mutoto mbele yake, usimuumize.» Majirani vilevile. Njo nikanyamaza. Nikasema, acha apone kwanza.

— Mulinyamaza wote, — akasema Emérence. — Walikuwa wananiita Mama Agathe, watu wa Katana wote. Asubuhi moja nikaamuka, nikawa Emérence tena. Kama niliiba lile jina, wakanipokonya. Hata wewe hukuuliza amelala wapi.

— Niliogopa.

— Nini?

— Kuona pale pako padogo namna gani.

Nje watoto wa avenue walikuwa wanapigia kelele umeme urudi.

— Kesho Grégoire anakuja kunichukua, — akasema Emérence. — Sitarudia huku.

— Ninajua. Niliona valise tangu juzi.

— Uliona?

— Niliingiza viatu chini ya kitanda, vikaigonga.

— Na ukafanya nini?

— Nikaenda kwa chef, nikaomba ordinatere.

Emérence alimugeukia, macho makubwa.

— Mutu anaona valise ya bibi yake, anaenda kuomba ordinatere?

— Sikujua kuomba kitu kingine! Nilisema, nikiwa kule, niweze siku moja kukuambia neno bila Placide kushika mikro. Neno moja tu lenye watu wa Idjwi hawasikie. Sasa ucheke, cheka, ni haki yako.

Hakucheka. Lakini alivuta kiti, akakaa karibu zaidi na pale alipokaa Honoré. Labda ni kwa sababu giza lilikuwa limeingia.

Umeme ulirudi na shangwe ya avenue nzima. Edouard aligonga mulango mara tatu, yeye mutu anayeingiaga kila siku bila kugonga.

— Niingie? Hakuna mufu?

— Ingia, mupuzi wewe, — akasema Honoré, akijipanguza suruali. — Tufungue anwani mbili.

— Mbili! Niliambiwa moja.

— Mbili. Ya kwanza, andika Honoré.

Edouard akaandika. — Na ya Maman? Niweke Emérence? Ama Madame Honoré?

Honoré alimutazama bibi yake.

— Andika Mama Agathe.

Vidole vya Edouard vikasimama. Alikuwa anajua, Bukavu yote ya foni ilikuwa inajua. Akamutazama Emérence, akingoja machozi ama matusi.

— Andika, — akasema Emérence. — Bila kuacha nafasi katikati.

— Mama… Agathe, — akarudilia Edouard kwa sauti ndogo, akiandika. — Iko. Sasa mot de passe. Hiyo ni yako peke yako.

Honoré alisimama, akatoka nje mpaka kwa muferezi, akageuza mugongo kwa dirisha. Edouard naye akafunga macho kwa viganja, kama mutoto anayecheza kujificha. Emérence aliandika neno lake. Hata leo hakuna anayelijua.

— Papa Honoré, rudia! — akaita Edouard. — Mubu watakumaliza!

Usiku ule hawakusema mengi. Valise ilibaki chini ya kitanda. Emérence hakuwa ameamua, na Honoré hakuuliza. Lakini asubuhi, kisha misa, Honoré alivaa tena koti yake ya misa aliyokuwa ameshatundika.

— Unaenda wapi? — akauliza Emérence.

— Kama unaenda kabisa, enda, sitakufunga mulango. Lakini unionyeshe kwanza pahali amelala. Nikirudi peke yangu, nirudi nimeona.

Honi ya kamionete ikalia barabarani. Grégoire aliingia na kofia kwa mukono, hajui aweke macho wapi.

— Jambo, shemeki. — Akamugeukia dada yake. — Yaya, valise iko wapi niipakie?

Emérence alisimama katikati ya nyumba. Alitazama chumba, kisha ile koti. Kifungo kimoja Honoré alikuwa amekiingiza kwa tundu isiyo yake, Emérence akaenda akakifungua, akakirudisha pahali pake.

— Valise inabakia, — akasema.

— Inabakia? Yaya, nimechoma mafuta toka Katana, napakia nini sasa?

— Unatupakia siye wawili. Tunaenda kwa Agathe.

Grégoire alivaa kofia, akaivua tena.

— Njo mupande basi, — akasema. — Shemeki katikati, miguu yako mirefu lakini utajua.

Walipita Miti, walipita Kavumu, matope yanaruka mpaka kwa kioo. Grégoire peke yake ndiye aliongea, juu ya mihogo, juu ya bei ya pneu za gari, juu ya bariera. Bega la Emérence liligongana na la Honoré kwa kila shimo, naye hakulitoa.

Kaburi lilikuwa nyuma ya misioni, safu ya watoto. Honoré alipiga magoti kwa majani yaliyolowa, akapima ule urefu kwa macho, kisha akafunika uso na mikono miwili. Alilia kwa sauti kubwa, sauti ya mutu mukubwa, mpaka watawa wawili waliokuwa wanapita wakasimama.

— Agathe, — akasema. — Ni papa. Nilikawia.

Emérence alisimama nyuma yake. Machozi hayakumujia, alingoja, hayakuja. Aliweka mukono kwa kichwa cha bwana yake, akauacha pale. Kilikuwa na joto. Akalisikia lile joto kwa kiganja, kisha akasikia majani yanamulowanisha miguu, na baridi, na upepo wa ziwa kwa shingo. Kisha kitu kikamuminya tumboni, kwa nguvu, mpaka akashangaa.

— Grégoire! — akaita.

— Yaya?

— Mama amepika nini leo?

— Bugali na sombe. Ameweka na samaki, sambaza. Unauliza juu ya nini?

— Niko na njaa, — akasema Emérence. — Kimbia umuambie aongeze ya shemeki wako. Tutakula, kisha uturudishe Bukavu.