Ndovu Mcheza Goma

Kila alasiri, chuo cha Kurani kikimalizika, Mwanamkisi alimpelekea baba yake kahawa uwanjani. Baba yake, Kamaludin, alikuwa mpiga ngoma hodari wa Amu, kisiwani Lamu, na wiki hiyo alikuwa amekodiwa na Bwana Barka, mgeni kutoka Mombasa aliyeleta ndovu mchanga wa maonyesho.

Lo! Mji mzima ulihamia uwanjani. Ngoma ikilia, ndovu aliyumba kushoto, akayumba kulia, vile vile wanaume wa Amu wanavyoyumba na bakora zao wakicheza goma.

"Mashaallah! Ndovu huyu Mwamu!" watu walicheka.

Mwanamkisi naye alicheka, kisha akaanza kujiuliza. Nani alimfunza? Na mbona hali majani aliyowekewa? Kesho yake aliwahi kabla ya watu. Uwanja ulikuwa kimya, ngoma zimeegemezwa ukutani, lakini ndovu alikuwa akiyumba! Akachungulia chini ya kitambaa chekundu kilichofungwa mguuni. Mnyororo mfupi ulikuwa umezama nyamani, na kidonda kilinuka. Mwanamkisi aliona uchungu, machozi yakamlengalenga.

Baba yake alipofika, alimkimbilia. "Baba, hachezi! Anayumba hata bila ngoma. Mguu wake unaoza."

"Wacha udadisi, mwanangu. Mji mzima haukuona, umeona wewe?"

"Basi leo simamisha ngoma kidogo tu, uone mwenyewe."

Watu walijaa, goma likakolea. Ghafla Kamaludin akaweka mikono magotini. Kimya. Ndovu akaendelea kuyumba, kushoto, kulia. Vicheko vikakatika.

"Subhanallah!" akasema Bi Khairiya, jirani yao. "Huyu hachezi, yuwatafuta ndia ya kutoka!"

"Piga ngoma, bwana!" Barka alifoka.

"Sipigi mpaka mnyororo utoke," Kamaludin akajibu.

Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Barka alipoona uwanja unabaki mtupu, uso ulimshuka, akatoa ufunguo na kuufungua mnyororo.

Kidonda kilioshwa kwa maji ya chumvi, ndovu akawekwa katika shamba lenye ua na majani tele. Wapagazi walikataa kumpakia tena jahazini, na Barka akarudi Mombasa peke yake. Mwanamkisi alikwenda kumtazama ndovu kila siku, mpaka siku moja akamkuta ametulia tuli, anakula.

Kamaludin alimshika binti yake bega. "Sote tulikuwa tukitazama goma letu," alisema. "Wewe peke yako ulimtazama ndovu. Mnyama hawezi kusema anaumwa, mwanangu. Basi kabla ya kumpigia makofi, mtazame kwanza miguuni."