Mikaratusi Juu ya Chemchemi

Kabla ya mapambazuko, bidoni tupu iligonga kizingiti. Ni Kanyere, alikuwa akitoka polepole asiwaamshe watoto. Alirudi jua limekwisha kuchomoza, na maji nusu bidoni.

"Mayi inatoka tone kwa tone," alimwambia mumewe, Siméon. "Tulikuwa batu makumi tatu ku mustari."

Siméon alikuwa prezida wa komite ya maji ya mtaa wao, hapa Mususa, Butembo. Miaka minane iliyopita aliizungushia chemchemi mikaratusi mia moja, ili kuilinda. Miaka minne zaidi, miti ile ingempa mbao za nyumba.

Komite ikamwita Ngalula, agronoma, mtaalamu wa kilimo, aliyetoka Kasai. Aliangalia, akauliza maswali, akangoja mpaka watu wakaondoka. Hakutaka kumwaibisha prezida.

"Papa Siméon, miti yako ndiyo inakunywa mayi."

"Mais, Mama Ngalula! Nilipanda juu ya kulinda source!"

"Najua. Ulipanda na roho muzuri. Lakini mukaratusi haishibake. Zamani mvua ilikuwa inakuja polepole, udongo inakunywa. Sasa kiangazi ni murefu. Mvua ikikuja, ni ya nguvu, inakimbia ku muto. Kidogo yenye inabakia, miti yako inamaliza."

"Nikate yote? Na nyumba yangu?"

"Miye hapana kuamuru. Source ni ya batu yote. Ita mukutano."

Siméon hakula vizuri siku tatu. Jumapili, baada ya misa, alisimama mbele ya majirani.

"Kila siku nagombeza bamama juu ya bidoni chafu. Kumbe mwenye kosa ni miye. Nitakata miti."

"Leo prezida amejigombeza mwenyewe!" akasema Kanyere. Watu wakacheka, Siméon naye akacheka.

Walikubaliana sheria: hakuna mtu kupanda mikaratusi karibu na chemchemi. Wakachagua wanawake wanne kuingia komite, kwa sababu wao ndio wanaochota.

Siméon alipoanza kukata, alikuta wanawake wamekwisha kufika na mapanga. Hakuna aliyemlaumu. Waling'oa hata visiki, visichipuke tena. Wakachimba mitaro ya kukingama mteremko, ili mvua itulie na kuzama. Wakapanda mikuyu na matete. Miti iliyokatwa ilitosha fito za nyumba ya udongo. Si nyumba ya mbao, lakini haivuji.

Mwaka wa tatu, maji yalishuka kwa sauti. Wageni wakafika kutoka Beu, mjini Beni, kujifunza.

"Mumuulize huyu," Siméon aliwaambia, akimwonyesha mkewe. "Ndiye prezida sasa."

Kanyere aliwapa kwanza maji ya kunywa, kisha akawaeleza yote. Mgeni mmoja, Lusenge, akatikisa kichwa. "Mama, ni mvua ya juzi ndiyo imewasaidia."

Kanyere akatabasamu.

"Wasingya, aksanti tata. Basi mukuye tena mwezi wa saba, wakati mvua hakuna. Mutatukuta hapa, tunachota."