Sidi na Ishara Mbili

Kila asubuhi ya likizo ya Agosti, jua likianza tu kugusa mapaa, Sidi alikuwa ameshafagia uwanja, ameshakuna nazi na chai imeshachemka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hizo alizifanya bila kununa, kwa sababu likizo ya Agosti ilikuwa na raha yake. Kila mwaka yeye na mama yake walikwenda Rabai kwa mjomba, wakakaa juma zima, wao wawili tu, bila daftari za kusahihisha wala wazazi wa wanafunzi kubisha hodi. Mwaka huu kazi zilikuwa zile zile, ila Rabai haikutajwa hata mara moja.

Mama yake, Mwalimu Pamela, alifundisha watoto wasiosikia katika shule moja ya msingi hapo Gede. Likizo hiyo, walimu wa elimu maalumu kutoka pande zote za Kilifi waliitwa kwenye mafunzo ya wiki mbili, na shule hiyo ndiyo iliyochaguliwa kuwa kituo. Sidi alidhani walimu wakifundishwa huketi madawatini, wakaandika kidogo, wakanywa chai, wakaenda zao. Kumbe haya yalikuwa mafunzo ya vitendo. Kila mwalimu alitakiwa kutafuta mtoto mmoja ambaye hajasoma, amfundishe kwa wiki hizo mbili, kisha Ijumaa ya mwisho aendeshe somo naye mbele ya wenzake. Mwalimu Pamela alitafuta, akampata Pola.

Pola alikuwa na miaka tisa. Hakuwa akisikia wala kusema, na alilelewa na nyanya yake nyuma ya soko. Watu wote walimwita bibi huyo Hawe Mbeyu, maana hawe ndiyo nyanya kwa Kigiriama. Aliwahi kumpeleka Pola shuleni mara moja, watoto wakamcheka, naye akamshika mkono akamrudisha nyumbani siku hiyo hiyo. Safari hii alikubali kwa sharti moja. Ataangalia wiki hizi mbili. Akiona mjukuu wake anachekwa tena, basi, mtu asimsemeshe tena habari ya shule.

Kwa hiyo Pola akawa wa Mwalimu Pamela asubuhi, na alasiri pia. Baada ya mafunzo mwalimu alikuja naye nyumbani, akamketisha mkekani, akampa chai katika kikombe chenye maua ambacho Sidi alikihesabu kuwa chake. Pola akipatia ishara moja, Mwalimu Pamela alicheka kwa furaha mpaka machozi. Sidi alikuwa wa pili darasani muhula uliopita, na mama yake alisema "Vizuri" tu, akaendelea kuchambua mchele. Roho ilimuuma Sidi, na hakuna haja ya kuficha. Ulikuwa wivu, wivu hasa, ule unaomfanya mtu ahesabu vijiko vya sukari katika kikombe cha mwenzake.

Kulikuwa na jambo lingine lililomkera zaidi. Sidi alikuwa na mwanya katikati ya meno ya mbele. Shangazi zake waliusifu na kusema ni urembo, lakini rafiki yake Viola aliuita mlango wa panya, na Sidi hakuwa na hakika amwamini nani. Sasa Pola naye alikuwa na mchezo wake. Mara nyingi alipomtazama Mwalimu Pamela alijipigapiga kifuani, akagonga meno yake ya mbele kwa ukucha, akatabasamu. Wakati mwingine alifanya hivyo huku akimtupia Sidi jicho. Sidi akajiambia kwamba huyu mtoto, pamoja na kumchukulia mama, anamcheka mwanya wake, tena ndani ya nyumba yao.

Siku ya Jumatatu ya wiki ya pili, Mwalimu Pamela alikuwa na maandishi mengi ya mafunzo. Akamwomba Sidi, aliyejua ishara tangu utotoni, amfundishe Pola maneno mapya kumi, yakiwemo maji, chakula, keti, asante na choo. Sidi akaitikia vizuri sana, vizuri kupita kawaida yake. Wakaketi nyuma ya nyumba. Maneno manane alimfundisha sawasawa. Mawili aliyabadilisha. Alimwonyesha mtungi wa maji akatoa ishara ya choo, kisha akamwonyesha mlango wa choo akatoa ishara ya maji. Pola alimwangalia mikono kwa makini, akaiga, akakosea, akaiga tena mpaka akapatia. Mwisho alitoa ishara ya asante. Hiyo ilikuwa sahihi.

Sidi hakuwa amepanga mambo makubwa. Alitaka tu Pola akosee mbele ya mama yake mara moja mbili, ile furaha ya machozi ipungue. Jumatatu ikapita, Jumanne na Jumatano zikapita, wala hakuna lililotokea, maana somo halikugusa maneno hayo mawili, na Hawe Mbeyu alikuwapo karibu kila wakati na alimwelewa mjukuu wake kwa kumtazama tu.

Alhamisi Sidi aliomba kwenda kituoni, akaketi nyuma ya darasa na Viola, ambaye mama yake pia alikuwa miongoni mwa walimu wa mafunzo. Hawe Mbeyu alisubiri nje barazani. Walimu walikuwa kama arobaini, na mbele alisimama Mwalimu Odera, aliyekuwa akiendesha mafunzo. Zamu ya Mwalimu Pamela ilipofika, alianza jaribio la somo la kesho yake, na Pola alifanya vizuri. Kisha akasita, akabana magoti, akatoa ishara ya maji.

Mwalimu Pamela akafurahi kwamba mtoto ameomba kitu mwenyewe. Akammiminia maji, akampa. Pola akakitazama kikombe, akatikisa kichwa, akarudia ishara ile ile kwa haraka. Mwalimu Pamela akadhani hakutosheka na kile kidogo, akamjazia kikombe mpaka juu. Pola akarudia mara ya tatu, huku akiangalia uso mmoja baada ya mwingine katika chumba kizima. Halafu gauni lake likalowa, na mkojo ukatiririka sakafuni mbele ya watu wazima arobaini.

Pale nyuma mtu akacheka. Alikuwa Viola, na kicheko kilimtoka tu, akajiziba mdomo, lakini kilishatoka. Hawe Mbeyu alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia, akavua leso yake moja, akamfunga Pola kiunoni, akaondoka naye.

Jioni ile walirudi nyumbani. Mwalimu Pamela alirarua karatasi ya somo la kesho vipande viwili. Alisema kwamba Hawe Mbeyu ameleta ujumbe, mtoto haji tena, na kesho atamwambia Mwalimu Odera kuwa yeye hana somo. Alisema kosa ni lake, alimharakisha mtoto akamvurugia ishara. Kisha akajifuta macho kwa upindo wa leso.

Sidi alimtazama, na kitu cha kwanza kilichomjia, aibu iliyoje, kilikuwa wivu tena: mama analia kwa ajili ya Pola. Lakini alipofumba macho alimwona Pola akizungusha uso katika chumba kizima, akisema neno alilofundishwa, akilisema vizuri kabisa, na hakuna anayemwelewa. Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua, kwa sababu Pola hakuwa na njia ya kumshtaki.

"Si wewe mama," akasema. "Ni mimi. Nilimbadilishia maji na choo."

Mwalimu Pamela hakumpigia kelele. Alimwambia amwonyeshe alivyofundisha, na Sidi akaonyesha, mikono mizito kama si yake. Mama yake aliokota vile vipande vya karatasi kimoja kimoja, hata Sidi akatamani apigwe yaishe.

"Kesho asubuhi twende kwa Hawe Mbeyu," akasema hatimaye. "Mimi nitabisha hodi. Maneno utasema wewe."

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi walimkuta Hawe Mbeyu jikoni akichambua mchicha. Sidi alimwamkia shikamoo hawe, akaitikiwa marahaba ya juu juu. Akapiga moyo konde, akasema yote, tangu kwenye mtungi hadi kwenye kicheko. Hawe Mbeyu aliweka mchicha chini.

"Alikukosea nini mwanangu?"

"Ananichukulia mama yangu," Sidi akasema, na sauti ikamkatika. "Halafu ananicheka mwanya. Kila siku anagonga meno yake, ananiangalia, anacheka."

Wakati huo Pola alichungulia mlangoni. Alipomwona Mwalimu Pamela alisahau kujificha. Akajipiga kifuani, akagonga meno kwa ukucha, akatabasamu. Sidi akasema ndiyo hivyo hivyo.

Hawe Mbeyu akamkazia macho. "Hapa mtaani nani anamwita mama yako Pamela? Mimi namwita Mama Sidi. Muuza samaki anamwita Mama Sidi. Pola naye anamwita Mama Sidi. Sisi humu ndani hatuna ishara za shule, tuna zetu. Kifua ni mama. Meno ni wewe, kwa huo mwanya wako anaoupenda. Hawezi kumtaja mama yako asikutaje na wewe."

Wiki mbili Sidi alikuwa akiitwa jina lake, naye akalijibu kwa ubaya. Alilia pale pale mbele ya mchicha, na hakuna aliyemkataza.

Hata hivyo, Pola hakumsamehe upesi kama watu wazima wapendavyo. Sidi alipomsogelea na kuinua mikono amwonyeshe ishara sahihi, Pola alimpiga kofi mikononi akageukia ukuta. Alikuwa amejua vizuri ni nani aliyemfundisha. Sidi akaenda kwenye mtungi, akanywa maji, akatoa ishara ya maji. Akaenda mpaka mlango wa choo, akatoa ishara ya choo. Akarudi mtungini akaanza tena. Mara ya tano Pola akamfuata kwa mbali. Kila ishara aliyoonyeshwa aligeuka kwanza kwa Mwalimu Pamela, akaulizia kwa macho kama ni kweli, na Mwalimu Pamela aliitikia kwa kichwa. Kuulizwa hivyo mbele yake kulimchoma Sidi kuliko lile kofi.

Hawe Mbeyu alisema atamleta, lakini safari hii hatakaa barazani. Atakaa ndani, na kicheko kimoja tu kitatosha.

Somo la Mwalimu Pamela lilianza saa nne. Sidi aliketi kando ya Hawe Mbeyu, na Viola alikuwa mbele yao, ameinamisha kichwa. Pola alipanga picha, akaonyesha chakula, akaonyesha keti. Walimu wakaandika. Katikati ya somo akasita, akabana magoti. Sidi akahisi Hawe Mbeyu akikaza kiganja juu ya leso.

Pola aligeuka. Hakumtazama mwalimu, alimtazama Sidi moja kwa moja, akatoa ishara ya choo, polepole, kama mtu anayeujaribu ubao kabla ya kuukanyaga. Sidi akainuka hapo hapo, akapita katikati ya walimu arobaini, akampa mkono. Pola aliushika. Wakatoka, na hakuna aliyecheka.

Waliporudi walimkuta Mwalimu Odera amesimama. "Andikeni hilo," aliwaambia walimu. "Wiki mbili nawaeleza maana ya kumfundisha mtoto neno. Mmeliona." Kisha akainua mikono miwili juu akaitikisa, maana hivyo ndivyo viziwi wanavyopigiwa makofi, na mikono themanini ikainuka darasa zima ikitikisika. Pola aliiangalia kwa mshangao, kisha naye akainua yake. Hawe Mbeyu alimwinamia Mwalimu Pamela akamuuliza sare ya shule ni rangi gani na muhula unafunguliwa lini.

Wakiwa njiani kurudi nyumbani, Mwalimu Pamela alimshika Sidi mkono.

"Mimi pia nilikosa," akaanza. "Nilijua Rabai haitawezekana tangu Julai, nikaogopa kukwambia. Nilikuacha unisubiri. Hilo ni langu. Lakini sikiliza, Sidi. Wewe nikikufundisha uongo, utakwenda kumuuliza Viola, utamuuliza jirani, utafungua kitabu, utanigundua. Pola angemuuliza nani? Alikuwa na mikono yako tu. Mtu asiye na pa kuuliza ndiye wa kuambiwa kweli kuliko wote. Na roho ikikuuma, njoo uniambie mimi inauma. Usiitume kwa mwenzako."

Sidi akafikiri hatua kadhaa. Kisha akasema, "Inauma bado kidogo."

"Haya. Nimesikia," mama yake akasema. "Jumatatu twende Rabai siku tatu."

"Na Pola?"

"Pola ana hawe wake. Tutakwenda mimi na wewe."